Kiti Kisicho na Mtu

Picha ninayoizungumzia ni ya kiti cha kuegemea, meza, na kigoda kidogo cha jikoni. Basi. Hakuna mtu, hakuna ng'ombe, hakuna mlima. Imechorwa kwa rangi za maji, na kila anayeingia chumbani kwangu akaiona huuliza swali lile lile: "Bibi, mbona hapana mtu?" Nimelijibu swali hilo tangu nikiwa na meno yangu yote, na sasa nimechoka kulijibu kwa mdomo. Ndiyo maana naandika. Shule yangu mimi ni ile ya kusoma Injili katika banda la misheni mpaka mwalimu akaridhika kwamba naweza kubatizwa. Anayetaka Kiswahili kilichopigwa pasi akatafute kwingine.

Nilizaliwa upande wa Ndalambo, nikaolewa juu huko Mbozi, kwa Wanyiha, wakati wa Mwingereza, miaka ile kila mwanamume mwenye miguu alikwenda Lupa kutafuta dhahabu. Kwao nilikuwa Mnamwanga tu, mtu wa kabila jingine. Mama mkwe aliniita Mnamwanga, mawifi waliniita Mnamwanga, na mbwa wao nadhani alinijua kwa jina hilo. Sikuudhika. Mnamwanga ndiye mimi.

Mume wangu alikwenda Lupa na akarudi bila dhahabu. Alichorudi nacho ni hamu ya kiti. Huko aliwaona Wazungu wakishinda matopeni kama watu wengine, lakini jioni wanaegemea. Akasema mtu aliyechoka ana haki ya kuegemea. Pale misheni palikuwa na seremala kutoka Nyasa. Huyo akamtengenezea kiti cha mninga, mgongo wake umesimama wima, na mahali pa kukalia pamesukwa kwa kamba za ngozi ya ng'ombe. Mbao zilizobaki zikawa meza. Mbao hazikutosha vizuri, mguu mmoja ukawa mfupi, tukauwekea kigae cha chungu. Kigoda kilikuwa changu, nilitoka nacho kwetu siku ya kuolewa.

Siku hizo kiti chenye mgongo alikuwa nacho padri, bwana shauri, na mwene wetu, yaani chifu. Mtu wa kawaida alikaa kwenye gogo, na mkewe chini. Basi watu walikuja kukitazama kama waliokuja kumtazama mtoto mchanga. Mdogo wake mume wangu, shemeji yangu, mtu wa wake wawili na maneno mengi, alikizunguka kiti mara nyingi kabla hajasema kitu.

"Kaka, unangoja kutawazwa?"

"Nangoja mgongo upone," mume wangu akamjibu.

Shemeji akacheka, kisha akakikalia. Na tangu siku hiyo, kila alipofika kwetu alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti, hata kama mwenyewe amesimama. Mume wangu aliliacha jambo hilo lipite. Mimi sikuliacha. Nililiona na nikakaa nalo moyoni.

Sasa nije kwenye picha.

Karibu nasi palikuwa na Mzungu mwenye shamba la kahawa. Mkewe alikuwa mwanamke mrefu, mwekundu wa pua, asiye na kazi nyumbani kwake kwa sababu kazi zote walifanya watu wetu. Nilikuwa nampelekea mayai. Mara nyingi nilimkuta amekaa porini na kofia yake, anachora jiwe, au anachora mgomba, na mimi nilimhurumia. Nilidhani ni ugonjwa. Siku moja mvua ilimkuta njiani, akakimbilia kwangu. Alisimama mlangoni anachuruzika maji, akatazama ndani, na macho yake yakatua kwenye kona ile ya kiti na meza. Mvua ilikuwa imeanza kupungua upande mmoja na mwanga unaingia mlangoni. Akaniomba maji ndani ya kopo. Nikadhani anataka kunywa. Akatoa karatasi na vijirangi vyake.

Nikaelewa. Nikamwambia, "Memsahibu, ngoja kwanza nivae."

Nikaingia ndani, nikajifunga kanga yangu mpya, nikapaka mafuta usoni, nikatoka na kukaa kwenye kiti cha mume wangu. Ndiyo mara ya kwanza kukikalia, niseme kweli. Nikanyoosha shingo. Yule mama akanitazama, akatabasamu, akapunga mkono kama anayefukuza kuku.

"Wewe nzuri sana," akasema. "Lakini toka."

"Nitoke niende wapi? Si unachora?"

"Chora kiti. Chora meza. Wewe toka."

Nilitoka, na nilikasirika. Mtu anakuja nyumbani kwako, anaona mavazi yako na uso wako, halafu anachagua mbao. Nikasimama nyuma yake nimekunja mikono nione atakavyokosea. Hakukosea. Alianza kwa maji matupu, karatasi ikalowa, kisha akagusa rangi kidogo na rangi ikatembea yenyewe mpaka mahali pake. Kiti kikatokea. Mguu mfupi wa meza ukatokea, na kigae chake chini. Kigoda changu kikatokea, na ule weusi wake wa moshi. Lakini chini ya kiti, pale penye kivuli, akapaka buluu.

"Kivuli ni cheusi," nikamwambia.

"Tazama," akasema, akaonyesha sakafuni kwa brashi.

Nikatazama. Nilikuwa nimeifagia sakafu ile kila siku tangu nilipoolewa. Kivuli kilikuwa cha buluu. Sikumwambia kwamba nimekiona.

Alipomaliza aliikausha kwa moto wangu, akataka kuitia mkobani. Nikamwambia, "Hiyo inabaki."

"Mimi nachora."

"Umechora, ndiyo. Lakini kiti ni chetu, meza ni yetu, nyumba ni yetu, na mvua umejikingia kwangu."

Alicheka mpaka pua ikazidi kuwa nyekundu. Akakaa tena, akajichorea nyingine, ndogo, ya haraka. Kubwa ikabaki kwangu. Wapo wanaosema nilipewa zawadi na Mzungu. Sikupewa. Niliidai.

Mume wangu alirudi jioni, nikamwonyesha. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya udongo wa mikononi. Alitazama sana. "Hata kigae amekiona," akasema. Akaigeuza upande wa nyuma, palikuwa peupe, akaigeuza tena.

"Na sisi tuko wapi?"

"Tumekwenda shamba," nikamwambia.

Jibu hilo alilipenda. Kila mgeni alipouliza, yeye ndiye aliyewahi kujibu: wamekwenda shamba, watarudi. Tuliiviringisha tukaiweka ndani ya kipande cha mwanzi isiliwe na moshi, na tulikuwa tukiitoa siku za Jumapili, tunaitazama, tunairudisha. Watoto tulizaa, hawakukaa. Nyumba ilikuwa kimya sana siku za Jumapili, na picha ile ilikuwa aina ya kimya ambacho hakikuumiza.

Msimu mmoja wa baridi, ukungu umelala mchana kutwa, kifua kilimbana mume wangu. Dawa za kwetu zilishindwa, na dresa, mtu wa dawa wa misheni, akashindwa. Tulimzika nyuma ya kahawa yetu.

Sasa lazima nieleze desturi, maana vijana wa leo hawaijui. Matanga yakiisha, ukoo hukusanyika, pombe hupikwa, na mrithi hukalishwa kwenye kiti cha marehemu, mbele ya watu wote. Mara nyingi kiti ni kigoda au gogo, haidhuru, mradi marehemu alikuwa anakikalia. Akishakaa, mjane huletewa kata ya maji. Huipokea, humwendea mrithi, hupiga magoti, na kumnywesha. Mrithi akinywa kutoka mkononi mwako, imekwisha, wewe ni mkewe. Nyumba ni yake, shamba ni lake, mbuzi ni wake, na usiku unajua mlango gani utabishwa. Hakuna anayekuuliza kitu. Wanakupa kata tu.

Mrithi alikuwa shemeji. Nani mwingine? Kiti alikwisha kukizoea.

Nilikwenda kwa mzee wa kanisa. Nikamwambia, huyu ana wake wawili, na nyinyi mnahubiri mke mmoja. Akajikuna ndevu. "Ni kweli," akasema. "Lakini mwanamke hawezi kukaa peke yake, hasa asiye na mtoto. Kubali kwanza, dada, halafu tutaona namna ya kuomba."

"Mtaomba nini? Kwamba nisahau?"

"Usiwe mkali, Mnamwanga."

Nikaondoka. Kwa shangazi yangu, ng'ambo ya mpaka wa Rhodesia, nilipeleka ujumbe, na jibu lake lilikuwa kwamba mlango upo, ila njia ni yangu mwenyewe kuitembea. Sikuwa bado nimeamua. Msidhani nilizaliwa na ujasiri. Nilikuwa na hofu mpaka chakula hakipiti. Kahawa ile niliipanda mimi na mume wangu, mashimo nilichimba kwa mikono hii, na kuondoka ni kuiacha.

Siku moja kabla ya kukalishwa kiti, mawifi walikuja kutoa vitu nje, maana nyumba husafishwa. Walitoa kiti, wakatoa meza, na kile kigae kikavunjika. Wifi mkubwa akaukuta mwanzi, akautikisa, karatasi ikatoka. Akaikunjua mbele ya wenzake.

"Njooni mwone. Mzungu kamchorea Mnamwanga kiti kitupu."

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza mwingine.

"Mwenyewe? Kitupu tu. Kama tumbo lake."

Wakacheka. Nilinyoosha mkono, nikaichukua, nikaenda kukaa nyuma ya ghala la mahindi, juani, mahali ambapo hawakuniona. Nililia kwanza, halafu nikafuta uso nikaitazama, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kutazama.

Nataka niseme nilichokiona, na nitakisema kama kilivyokuwa. Niliona kiti. Miaka yote nilikuwa natazama picha ile namtafuta mume wangu. Nilimuona pale hata kama hakuchorwa, na mwenyewe alisema watarudi. Siku ile nilijua kwamba hatarudi, na kiti kilikuwa bado kiko pale pale. Hakikupinda. Mwanga ulikuwa unakipiga ubavuni, kivuli chake cha buluu kimelala chini, na hakikuwa kinangoja mtu. Yule mama alinitoa nikiwa na kanga yangu mpya, nikamlaumu siku nyingi, kumbe alikuwa ameona jambo. Alikiona kiti kikiwa kizima bila mkaaji, akaona kinatosha kuchorwa. Na kigoda changu kilikuwa pembeni, kidogo, cheusi, kizima vile vile.

Ukoo mzima ulikuwa umeniambia kwamba kiti cha marehemu hakiwezi kukaa bure, na mwanamke wa marehemu vile vile. Nikajiuliza: nani alisema? Mimi ninashika karatasi ambayo ndani yake kiti kimekaa bure tangu kabla ya vita ya Hitla, na hakijapungukiwa na kitu.

Nikaiviringisha. Njaa ikanishika, nikaenda kula ugali wote uliobaki.

Kesho yake uwanja ulijaa. Kiti kiliwekwa katikati, peke yake, na nadhani kila mtu alikiona kilivyokuwa kizuri pale juani. Shemeji akatoka kwa wazee amevaa koti la mume wangu. Akakaa. Akaegemea, akaweka mikono magotini, akanitazama kama mtu anayengoja chakula kiive. Mama mkwe akanipa kata imejaa maji. Wanawake wakaanza kunisukuma kidogo kidogo mgongoni, kama ilivyo desturi, mjane huwa anajivuta.

Nilikwenda mpaka mbele yake. Sikupiga magoti. Nikainua kata nikanywa mimi. Nilikunywa polepole mpaka chini, kisha nikaifuta kwa kanga na kumrudishia mama mkwe.

Wanawake waliokuwa wananisukuma wakarudi nyuma.

"Umefanya nini?" shemeji akasema.

"Nilikuwa na kiu."

"Hayo maji ni yangu."

"Shemeji, mto uko pale chini. Una miguu."

Mzee mmoja alicheka, akaficha kwa kukohoa. Shemeji akasimama, na wazee wakamwambia aketi, maana mrithi akisimama kabla hajanyweshwa ni kasoro. Akaketi. Akakaa pale, hanyweshwi na hasimami, mpaka jua likahama, kwa sababu hakuna aliyejua kinachofuata. Desturi ilikuwa na njia moja tu na mimi nilikuwa nimeinywa.

Alinishitaki kwa mwene. Baraza lilijaa kuliko kanisa siku ya Krismasi. Mwene wetu alikuwa mzee aliyechoka, mguu wake unavimba, na alitaka mambo yaishe aende akalale. Akaniuliza, "Unamkataa huyu kwa kuwa una mwanamume mwingine?"

"Hapana, Mwene."

"Basi nani atakuwa mwenyewe wako?"

"Mimi."

Watu wakaguna. Akasema, "Mtu hawezi kuwa mwenyewe wa nafsi yake. Ukiumwa?"

"Nitaumwa. Mume wangu alikuwa na wenyewe wengi, na aliumwa vile vile, akafa."

Hakupenda jibu lile, lakini alijua kwamba Serikali haikutaka tena mjane ashikwe kwa nguvu, na hakutaka bwana shauri amsumbue. Akakata hivi: mwanamke aende zake. Nyumba, kahawa, mbuzi, kiti na meza ni vya ukoo. Mwanamke atachukua alichokuja nacho siku ya kuolewa: jembe, chungu, mkeka, kigoda.

"Na karatasi?" Shemeji akasimama. "Ana karatasi yenye kiti chetu. Kiti ni cha ukoo, na picha yake ni ya nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, hilo sikulitegemea. Niliiogopea kuliko kahawa yote. Mwene akaiomba. Wazee wakapokezana, mmoja akaikwaruza kwa ukucha aone kama ni mbao. Nikasema, "Mwene, kahawa nimeacha sijabisha. Nyumba nimeacha. Hiyo siachi. Mkitaka kuichukua, mchukue pamoja na mkono."

Mwene alinitazama, akamtazama shemeji. "Wewe unaitakia nini?"

Shemeji akarudia kwamba kiti ni cha ukoo. Alitaka tu nisiwe nayo. Mwisho mwene akapunga mkono. "Mwacheni nayo. Akaikalie."

Baraza zima likacheka. Mimi nikaipokea, nikaiviringisha mbele yao bila haraka, na siku hiyo hiyo nikashika njia. Wifi mkubwa alisimama kando ya njia na mtungi kichwani. "Mnamwanga," akasema, "ukifa huko nani atakuzika?" Nikamwambia, "Watakaoona nanuka." Hakucheka, lakini alinisindikiza kwa macho mpaka kwenye kona, na sidhani alikuwa ananichukia.

Tunduma, pale mpakani, siku zile ilikuwa mabanda na vumbi, na lori moja moja linalokwenda Rhodesia. Nilikaa kwa shangazi ng'ambo mpaka nikajua njia za watu, halafu nikarudi upande wetu nikaanza na chumvi. Chumvi ya Ivuna, iliyopikwa, imefungwa kwenye majani kama mtoto. Nilikwenda kuifuata mwenyewe, kushuka bondeni joto likikuchoma nyayo na kupanda tena na mzigo kichwani. Wabemba waliniita mayo, yaani mama, na walinibishia bei mpaka tukawa marafiki. Baada ya chumvi, maharage. Baada ya maharage, punda. Baada ya punda nilichoma matofali. Wanaume walinitaka pia, dereva mmoja, na mwenye duka mmoja, na mmoja kati ya hao nilimpenda kwa muda wangu. Naliandika hili kwa sababu kuna wanaodhani niliwakataa wanaume. Nilikataa kugawiwa.

Nyumba ya matofali ilipokwisha, ya vyumba viwili na kibaraza, bati juu, nilimwita seremala nikamwambia atengeneze viti vyenye migongo. Akauliza vya nani. Nikamwambia vya atakayekuja.

Waliokuja wa kwanza ni jumbe na karani kijana mwenye kaptula ngumu, wanaandika nyumba za mji. Nilikuwa kibarazani nachambua maharage. Karani hakunisalimu vizuri. Akachungulia mlangoni.

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Unaongea naye."

"Namaanisha mwanamume."

"Mwanamume unaye hapo, huyo jumbe. Ukitaka mwingine wamejaa sokoni."

Jumbe akatazama pembeni, mabega yanamtikisika. Karani akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba mahali pale huandikwa mume, na kama hakuna mume ni kaka, na kama hakuna kaka ni mtoto wa kiume.

"Hayupo yeyote kati ya hao," nikasema.

"Basi nitaandika nini, mama? Siwezi kuacha patupu."

"Unaweza. Wino wako hautakauka. Pa mwanamume acha patupu, na pa mwenye nyumba niandike mimi."

Alimtazama jumbe. Jumbe akasema, "Mwandike. Huyu simuwezi, nawe hutamuweza." Kalamu ikakwaruza. Nikamwambia asome kwa sauti alichoandika, akasoma, jina langu na la baba yangu wa Ndalambo, na hakuna jingine. Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Haya," nikasema, nikasukuma ungo kando. "Sasa karibuni mkae."